Dawa za kumeza zipimwe kwa utumbo wa mtoto wa Garissa

POLIO ilipozuka katika kambi za Dadaab mnamo Mei 2013, chanjo ya matone ndiyo iliyotangulia. Desemba mwaka huo, serikali na washirika wake waliongeza chanjo ya sindano.

Hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Matone hufanya kazi tumboni, na pale ambapo maji ni machafu na watoto huhara mara kwa mara, utumbo huyapokea kwa shida. Sindano huimarisha kinga ya utumbo kwa mtoto aliyekwisha kupewa matone.

Funzo hilo lazihusu pia dawa za kumeza. Kabla ya kumfikia mgonjwa, nyingi hupimwa maabarani kwa tabaka la seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana. Seli hizo hazitoi ute wa kutosha, ilhali utumbo wa binadamu umefunikwa na ute ambao dawa sharti iupenye. Ndiposa baadhi ya watafiti huzichanganya na seli za HT29-MTX, zinazotoa ute.

Hata hivyo, ute wa maabara haujui njaa wala minyoo. Mtoto wa Ifo au Hagadera aliyedhoofishwa na ukame huenda asiifyonze dawa sawa na mtoto aliyeshiba.

Hivyo basi, Bodi ya Dawa na Sumu inapoidhinisha dawa ya watoto, haina budi kuuliza: je, ilijaribiwa kwa wenye utapiamlo? Bila jibu, dozi ya mtoto huyu itabaki ya kukisiwa.