Chuo cha karibu ao cha mbali?
Diploma ya serikali imepatikana, sasa mtoto anataka iniversite. Hapa Bukavu atalala kwetu na kula chakula chetu. Kisangani atapanga chumba, na njia ni ndefu. Tusihesabu minervali peke yake: kuna silabusi, staji na kazi ya mwisho wa masomo. Tuandike feza za miaka yote mbele ya kumsindikiza. Sisi walimu tunaona, feza ikikatika katikati, msichana ndiye anaitwa kwanza kurudi nyumbani.

Lakini kuna faida isiyoandikwa kwenye risiti. Kisangani, penye iniversite tangu mwaka 1963, mtoto atasikia Kiswahili na Kilingala barabarani, na atakaa benchi moja na vijana wa majimbo mengine. Nchi yetu ina majimbo 26, na vita vimetufundisha kuogopana. Anayesoma pamoja na wengine anajifunza kuwaamini.

Feza isipotosha, abaki karibu bila haya, lakini tumuhimize asitafute marafiki wa kabila letu tu. Masomo ya karibu yanayomalizika yanapita ya mbali yanayokatikia njiani.