Somo la Ubaguzi wa Rangi Lianzie Kakese

Ukoloni ulipoondoka nchini haukuacha majengo na reli peke yake. Uliacha pia fikra, na fikra hazing'olewi kwa kubadili bendera. Mojawapo ya fikra hizo ni ile ya kumpima mtu kwa rangi ya ngozi yake au kwa mahali walikotoka babu zake. Kazi ya kuing'oa ni ya shule kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Mtaala mpya, ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024, umelipa nafasi kubwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo swali lililobaki si kama ubaguzi ufundishwe au usifundishwe. Swali ni mwalimu wa Kakese, katika Manispaa ya Mpanda, awaambie nini watoto wa wakulima walioketi mbele yake.

Kuhusu jambo hili yapo maoni mawili, na yote mawili yana hatari.

Wapo wanaodai kwamba ubaguzi wa rangi ulizikwa pamoja na ukoloni, na kwamba kuuzungumza darasani ni kutonesha kidonda kilichokwisha kupona. Maoni ya namna hii hayapo Tanzania tu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2021, majimbo kadhaa yamepitisha sheria za kuwabana walimu katika kufundisha habari za rangi na ubaguzi. Wapo wengine wanaotaka somo liwe la kuhesabu maadui: Mzungu ni mkatili, Mwarabu ni mfanyabiashara ya watumwa, Mhindi ni mnyonyaji, basi. Wa kwanza wanauficha ugonjwa. Wa pili wanauambukiza upya, maana mtoto anayefundishwa kuchukia rangi ya mwenzake amekwisha kuwa mwanafunzi wa mkoloni, hata kama anaimba nyimbo za uhuru.

Ukweli ni kwamba ubaguzi katika Tanganyika haukuwa tabia mbaya ya watu wachache. Ulikuwa utaratibu wa serikali, wenye sheria, bajeti na ngazi za mishahara. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na fedha ziligawanywa kwa kufuata mpangilio huo huo. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja. Waafrika waliokuwa zaidi ya milioni 8 walipewa viti sawa na Wazungu wapatao 20,000, na mpango huo ukaitwa haki. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikaamua kuingia katika uchaguzi huo, ikawaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubaliana na madai ya uhuru, wakiwamo Derek Bryceson na Amir Jamal, na ikashinda. Mpango wa ubaguzi ukavunjwa na watu waliokataa kubaguana.

Utaratibu huo uliwekwa na watu, na watu wakauondoa. Mwezi Januari 1962 shule zote nchini ziliwekwa chini ya mfumo mmoja usiotazama rangi. Mfano mzuri uko Iringa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilijengwa huko shule ya fahari ya Mtakatifu Michael na Mtakatifu George kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Baadaye shule hiyo ilipewa jina la Mkwawa, na tangu mwaka 2005 imekuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kinachofunda walimu wa Tanzania nzima. Mwalimu aliyesomea hapo amekaa katika madarasa ambayo mzazi wake asingeruhusiwa kusomea. Hilo peke yake ni somo zima.

Lakini historia haiishii kwa mkoloni. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge, tena wa TANU, walitaka uraia utolewe kwa kutazama rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga bila kuuma maneno, akatangaza kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali jambo hilo. Mwanafunzi hana budi kulijua tukio hili, kwa sababu linamfundisha kwamba mtu aliyebaguliwa jana anaweza kubagua kesho, asipojihadhari.

Sasa, mwalimu wa Kakese hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Mkoa wa Katavi wenyewe ni kitabu kilichofunguliwa.

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Uruwira. Mwanafunzi aulize: ilijengwa kwa faida ya nani, na jasho lilikuwa la nani? Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilipita njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Mwanafunzi aelezwe wazi kwamba katika biashara ile walikuwamo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani, watawala wa bara waliouza mateka wao, na wanunuzi wa Kifaransa wenye mashamba Mauritius na Réunion. Dhambi ile haikuwa ya rangi moja. Kisha atajiwe Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi na kuuzwa mtumwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Aliwatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kutiwa bei sokoni aliokoa maisha ya watu kwa zaidi ya miaka 60.

Liko pia somo la Katumba, nalo ndilo gumu kuliko yote. Watawala wa Kijerumani na Kibelgiji waliwagawa watu wa Ruanda na Urundi kwa nadharia za rangi, wakiwaita Watutsi kizazi bora kilichotoka kaskazini na Wahutu watu wa kutumikishwa. Baada ya uhuru sumu ile iliendelea kutumiwa na wenye kugombea madaraka. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta Tanzania maelfu ya watu, na makazi ya Katumba yakaanzishwa mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Zaidi ya watu 160,000 kati yao wamekubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Hawa si wageni tena. Ni wakulima, ni walipa kodi, na watoto wao wanakaa dawati moja na wenzao wa Mpanda.

Hapo ndipo somo linapopimwa. Mwanafunzi anaweza kuandika kwa usahihi maana ya ubaguzi wa rangi, akapata alama zote, kisha wakati wa mapumziko akamwita mwenzake "mkimbizi". Akimsikia mwalimu naye akitumia neno hilo hilo, au akimwona akimdharau mtoto kwa kabila lake, basi vitabu vyote vya Historia ya Tanzania na Maadili vimefanya kazi bure.

Kwa hiyo walimu hawana budi kuacha kulifanya somo hili kuwa orodha ya tarehe za kukariri. Wanafunzi wapelekwe kwa wazee wanaokumbuka enzi za mgodi na za kuwapokea wakimbizi, waulize, waandike, wajadiliane. Maofisa elimu nao wanapokagua shule wasitazame maandalio ya masomo tu. Watazame pia nani anachaguliwa kiranja, nani anatumwa kuteka maji kila siku, na nani anaitwa kwa jina lisilo lake. Ubaguzi huanzia katika mambo madogo kama hayo.

Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kukiri kwamba binadamu wote ni ndugu. Ahadi hiyo haikutolewa kwa ajili ya mikutano ya hadhara peke yake. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mahali pa kumkunja ni darasani, Kakese na kila penye shule. Taifa lililokataa kugawanywa kwa rangi mwaka 1961 halitakuwa salama mpaka mtoto wa Katumba na mtoto wa Kakese watakapoitana ndugu bila kukumbushwa na mwalimu.