Bwawa liko wapi, mwalimu?

Hivi majuzi niliteremka na wanafunzi wangu kutoka Laini Saba, mtaani Kibera, tukiufuata mtaro wa majitaka hadi Bwawa la Nairobi. Tulipofika, mmoja wao aliniuliza, "Bwawa liko wapi, mwalimu?" Swali hilo lilinitia haya, kwani mbele yetu palikuwa na majani mengi kuliko maji.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 ili liwapatie wakazi wa jiji maji ya kunywa. Kilichoyaharibu maji hayo si siri. Kinyesi kina naitrojeni na fosforasi kwa wingi, na hivyo ni mbolea kwa gugumaji. Gugu likitanda, huzuia mwanga. Likioza, bakteria wanaoliozesha huimaliza oksijeni majini, na samaki hufa.

Wapo wanaodai kwamba chanzo cha uchafu huu ni ukosefu wa ustaarabu wa wakazi wa Kibera. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu asiye na bomba la majitaka nyumbani, ambaye hutegemea choo cha kulipia kinachofungwa usiku, atafanyaje akibanwa usiku wa manane? Huo mfuko unaorushwa gizani si tabia tu, bali ni dalili ya huduma isiyokuwapo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, lakini marufuku hayajengi vyoo.

Wala asijidanganye mtu kwamba haya ni ya Kibera peke yake. Maji ya Mto Ngong huingia katika Mto Nairobi, kisha Athi, na hatimaye huitwa Sabaki yanapomwagika baharini karibu na Malindi.

Walimu wenzangu, tusiwakaririshe watoto maana ya uchafuzi huku mtaro ukipita nyuma ya darasa. Na wachore ramani yake bila kuyagusa maji, wahesabu vyoo na familia zinazovitumia, kisha wawapelekee viongozi wa wadi hesabu hiyo. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwanafunzi anayedai haki hiyo akiwa na takwimu mkononi hawezi kupuuzwa kwa urahisi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ule mtaro.