Mpiga besi naye apewe haki yake

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Abiria hulisifu tanga lililojaa upepo, wala hamkumbuki fundi aliyeinama siku kutwa akitia kalafati mahali panapozama majini. Ndivyo ilivyo katika muziki wa jazi. Mpiga tarumbeta husimama mbele akamulikwa taa, mpiga saksafoni hushangiliwa, na nyuma yao husimama mtu aliyekumbatia zeze kubwa linalomzidi kimo, akizivuta nyuzi nne nene kwa vidole vyake. Huyo ndiye mpiga besi, na leo nimeazimia kumtetea.

Besi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, hushika mwendo pamoja na ngoma ili wenzake wasipotee njia. Pili, hutoa sauti ya chini ambayo juu yake sauti nyingine zote hupata maana. Noti ile ile ya tarumbeta yaweza kumfurahisha msikilizaji au kumtia simanzi, kutegemea noti ambayo mpiga besi ameitandika chini yake.

Nikiulizwa ni besi ipi ninayoipenda kuliko zote, sitasita kuutaja wimbo wa So What, uliorekodiwa jijini New York mwezi Machi mwaka 1959 na kundi la Miles Davis. Mpiga besi alikuwa Paul Chambers, kijana wa miaka 23. Katika wimbo huo mambo yamegeuzwa juu chini: besi ndiyo inayosema, na piano pamoja na ala za kupulizwa huitikia kwa sauti mbili fupi. Yeyote aliyewahi kuhudhuria ngoma zetu, ambamo mmoja huanzisha na umati ukaitikia, hatahitaji kufafanuliwa utamu wa mpango huo.

Besi ya pili ni ya Jimmy Garrison katika A Love Supreme, kazi ya John Coltrane iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964. Garrison anapiga noti nne tu, akizirudia kama mtu avutaye uradi. Noti nne! Lakini juu ya noti hizo Coltrane amejenga hekalu zima. Anazichukua kwa saksafoni yake na kuzipitisha katika kila ngazi ya sauti, na hatimaye anazitamka kwa kinywa chake mwenyewe. Ya tatu ni Haitian Fight Song ya Charles Mingus, ya mwaka 1957, ambapo besi inaanza peke yake, kwa hasira ya pole pole, hadi kundi zima linajikuta likiifuata kama askari wamfuatavyo jemadari.

Wote hao wana deni kwa Jimmy Blanton. Kijana huyu aliingia katika bendi ya Duke Ellington mwaka 1939, akaifundisha besi kuzungumza badala ya kuhesabu hatua tu. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1942 akiwa na miaka 23. Paul Chambers naye alifariki mwaka 1969, akiwa na miaka 33, kwa maradhi yayo hayo.

Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Santuri yenye wimbo wa So What ni miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia ya jazi, na nakala zake nchini Marekani zimehesabiwa kwa mamilioni. Hata hivyo, anayetajwa kuwa mtunzi ni Miles Davis peke yake. Aidha, kwa miaka mingi sheria ya Marekani imezilazimu redio za kawaida kumlipa mtunzi wa wimbo, lakini si wapigaji waliomo katika rekodi. Maana yake ni kwamba besi ile inapovuma hewani, yule ambaye vidole vyake viliivumisha hana fungu.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba mpiga besi ni mwajiriwa tu. Alikwenda studio, akapiga, akapokea ujira wake, akaenda zake. Siupuuzi ujira. Ninachouliza ni hiki: ikiwa umeng'oa besi katika So What, umebakiwa na nini? Unabaki na majibu yasiyo na swali. Mtu ambaye kazi yake haiwezi kuondolewa bila wimbo kuporomoka si kibarua; ni mshirika. Mingus aliyafahamu hayo, na mwaka 1952 yeye na mpiga ngoma Max Roach walianzisha kampuni yao ya kurekodi, Debut, ili wanamuziki wawe na usemi juu ya jasho lao.

Tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Jina la jazi lilipofika Afrika Mashariki, bendi zetu zililivaa kwa fahari: Morogoro Jazz kule Tanzania, Shirati Jazz hapa kwetu. Muziki wenyewe ulikuwa wa kwetu, na katika benga besi haijifichi nyuma. Inarukaruka na kubishana na gitaa la mbele mpaka mchezaji anashindwa kuketi. Mbaraka Mwinshehe tunamjua. D.O. Misiani tunamjua. Je, msomaji, waweza kuwataja waliowapigia besi?

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazitambua haki za mtumbuizaji, si za mtunzi peke yake. Hilo ni jambo jema. Lakini haki ya mtu asiyeandikwa jina itadaiwa na nani, na kwa ushahidi gani? Ndiyo maana nasema jina ndiyo hatua ya kwanza, na malipo hufuata nyuma yake. Mwenye studio na aandike, siku ile ile ya kurekodi, nani alipiga nini. Mtangazaji wa redio, anayetumia dakika nzima kujisifu, na azitenge sekunde tano kumtaja mpiga besi. Wazee waliopiga katika bendi za zamani na waulizwe wangali hai, kwa maana kumbukumbu zao hazikuandikwa popote.

Nawe msomaji, utakapoketi tena kusikiliza wimbo uupendao, acha sauti ya juu ipite, utege sikio chini. Utamkuta mtu huko, anafanya kazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.