Fundi wa mbao aliyefika Juventus

Juma lililopita tulifanya mukutano mbele ya mulango wa kampuni moja inayokamata kazi chini ya kampuni kubwa. Kijana mumoja akasimama. Alivaa mayo ya Juventus, nyeusi na nyeupe, imechakaa mu mabega. Tangu myezi tatu hajapata mushahara. Akatuuliza: « Ba papa, sendika itanisaidia nini? Bachezaji ba mupira kule Ulaya habana na sendika, na banalipwa muzuri. » Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Sisi tulimujibu mbio mbio, juu mvua ilikuwa inakuja, na hatukumujibu vizuri. Leo tunamujibu hapa.

Kijana, mayo ile unayovaa, kuna mutu aliivaa akitoka moja kwa moja mu kiwanda. Jina lake Moreno Torricelli. Alizaliwa mwaka 1970 kule Erba, kaskazini ya Italia. Upande ule unaitwa Brianza, na watu wengi wanaishi na kazi ya mbao: viti, meza, kabati. Torricelli naye alikuwa fundi mu kiwanda cha vyombo vya nyumba. Muchana mbao, nyuma ya kazi mupira, mu timu ya Caratese, timu ndogo ya watu wasiolishwa na mupira. Mwaka 1992 Juventus ikamwita acheze mechi za kirafiki, wapate kumuangalia. Alikuwa na miaka 22. Kocha Giovanni Trapattoni akamupenda, na fundi hakurudia tena kiwandani. Hakupita mu Serie B wala Serie C. Roberto Baggio akamupatia jina Geppetto, ule muzee fundi wa mbao mu hadisi ya Pinocchio, na jina likamushikamana.

Mwaka wa kwanza tu, 1993, timu yake ikabeba Kombe la UEFA mbele ya Dortmund. Kisha ubingwa wa Italia mara tatu: 1995, 1997 na 1998. Lakini siku yenye kupita zote ni tarehe 22 mwezi wa 5, 1996, mu Roma, fainali ya mabingwa wa Ulaya. Torricelli alikuwa beki wa kuume. Mu Ajax, upande wa kushoto, mbele yake, alianza kijana wa miaka 18, Kiki Musampa, aliyezaliwa Kinshasa. Nyuma ya mapumziko Musampa hakurudia, Kluivert akaingia. Mechi ikaisha 1-1, na Juventus ikashinda kwa penalti 4-2. Timu ya taifa ya Italia naye aliichezea mara 10.

Beki hatungiwi nyimbo. Wale waliofanya kazi chini ya udongo kule Kipushi wanajua: kuna mwenye kutoa mawe, anahesabiwa tani zake, na kuna mwenye kushikilia paa isianguke, yeye anahesabiwa siku paa imeanguka. Torricelli alikuwa wa pili. Kupanda na mustari, kushuka, kupanda tena, mpaka filimbi. (Na wazazi, tunawaomba: musitoe mutoto mu masomo juu ya hadisi hii. Mafundi wa mbao kule Brianza walikuwa wengi sana, na aliyeitwa ni mumoja.)

Sasa jibu. Wachezaji wa Italia wako na sendika, na iko na umri mukubwa kupita wengi wetu. Waliianzisha mu Milano mwezi wa 7, 1968. Mukubwa wake wa kwanza alikuwa Sergio Campana, muchezaji wa zamani aliyesoma sheria, na kati ya waanzilishi kulikuwa Rivera na Mazzola, majina makubwa ya wakati ule. Kwa nini nyota wafanye sendika? Juu kwa sheria ya wakati ule muchezaji alikuwa kitu cha timu. Kontra inaisha, lakini hawezi kwenda popote kama mwenye timu hataki. Wanamuuza, wanamununua, yeye anasikia habari mu jarida. Walipigania neno lile miaka 13, mpaka sheria namba 91 ya 1981 ikaanza kukata ile kamba.

Na mugomo pia waliufanya. Siku ya mungu tarehe 17 mwezi wa 3, 1996, mu Serie A hakukuchezwa mupira. Viwanja vilibaki vitupu. Hesabu vizuri: hata siku 70 hazikupita, na timu ya Torricelli ikabeba kombe la Ulaya. Kwa hiyo usikubali kapita anayekuambia eti mwenye kugoma hawezi kazi.

Mwaka 1998 Torricelli akahamia Fiorentina, mu muji wa Firenze. Mwaka 2001 wakabeba Kombe la Italia, watu wakacheza mu barabara. Lakini mwenye timu, Vittorio Cecchi Gori, mutu wa filme, alikuwa na madeni yanayomupita. Mwaka wa 2002 timu ikashuka daraja, ikashindwa kulipa mishahara ya wachezaji, ikafilisika. Fikiri kidogo: mutu mwenye kombe la Ulaya mu nyumba, naye anangojea mushahara! Timu ikazaliwa upya na jina lingine, chini kabisa, mu Serie C2. Torricelli akaenda Espanyol, kule Barcelona. Mwenzake Angelo Di Livio, aliyetoka pia Juventus, akakubali kubaki na kucheza chini. Hatumulaumu mumoja wao.

Hatusemi kama taabu yao iko sawa na ya mama anayefunga jiko mangaribi bila unga. Torricelli alikuwa na akiba, na alikuwa na timu ingine yenye kumungojea. Yule kijana wetu hana. Yeye anapewa kontra ya myezi tatu, ikiisha anapewa ingine ya myezi tatu, na akiuliza mushahara anaambiwa kampuni kubwa haijalipa. Kampuni kubwa nayo inasema imelipa. Kati ya hao wawili mutu anakaa na njaa. Sisi wa sendika tuko na kosa letu: tulikawia kwenda kwa wale wa kontra fupi, tukishugulika na wale wa kadi ya zamani tu. Inspekta wa kazi anaomba karatasi, na karatasi hatuna za kutosha.

Kwa hiyo wale wote wa mulango ule, mulete fishi za malipo za mwisho mulizopata, na kontra, hata ile iliyopasuka. Siku ya posho kila mutu anakumbuka tarehe yake: muiandike. Wamama wanaoshika karatasi za mabwana zao mu sanduku, wakuje nazo wenyewe kama bwana yuko kazini. Tuko pale ofisi yetu kila siku ya kazi, kutoka saa kumi ya mangaribi. Na wewe kijana, kuja na ile mayo.