Nyama: Tusiiharamishe, Wala Tusiitukuze



Ndugu zangu wanafunzi, kumezuka makundi mawili miongoni mwenu. Moja linadai wataalamu wamethibitisha kuwa nyama ni sumu. La pili linasema chakula bila nyama si chakula. Suratul Hujuraat, aya ya 6, inatufunza kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Basi na tuihakiki.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Wasabato wapatao 73,000 wa Marekani na Kanada. Waliojizuia na nyama, au walioila kwa nadra, walifariki kwa kiwango cha chini kwa asilimia 12 kuliko wenzao. Lakini watu hao pia walikuwa wembamba zaidi na wakifanya mazoezi zaidi. Watafiti huyatenga mambo hayo kwa hesabu, ila si rahisi kuyatenga yote.

Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 48,000 waliofuatiliwa kwa miaka 18. Wasiokula nyama wala samaki walipungukiwa na maradhi ya moyo kwa asilimia 22, lakini kiharusi kiliwazidi kwa asilimia 20. Asilimia hizo zinatisha, kwa hiyo tuzihesabu kwa vichwa. Katika kila watu 1,000 kwa miaka 10, wagonjwa wa moyo walipungua 10 na wa kiharusi waliongezeka 3. Hiyo ni faida, lakini si muujiza.

Na nyama yenyewe si ya aina moja. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema nyama za kusindikwa, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika daraja la "huenda".

Kwa hiyo, anayesema nyama ni sumu amezidisha. Tena anaweza kuwadhuru wenzake, hasa mabinti, wanaoiacha nyama wakabaki na chai na mkate. Vitamini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida, na upungufu wake, kama ule wa madini ya chuma, huleta upungufu wa damu. Anayeacha nyama basi ale maharage, kunde na mchicha, na asiache mayai, maziwa au dagaa.

Kuacha nyama kwa ajili ya afya au kwa kukosa uwezo si dhambi. Kuiita haramu ndiko kuvuka mpaka, kama tunavyokatazwa katika Suratul Maaida, aya ya 87. Nawe unayemaliza pesa zako kwa mishikaki na soseji kila jioni, soma Suratul A'raaf, aya ya 31, inayokataza israfu katika kula na kunywa. Kwa maoni yangu, tafiti hizi hazijatuondoa katika njia ya kati.