Muuza Mvua

Tuseme nimefungua kibanda pale sokoni Matiliku, mwisho wa mwezi wa Oktoba, na ninauza mvua. Chupa ndogo, shilingi elfu tatu. Unaweka matone matano chini ya ulimi, unaenda nyumbani, unangoja. Wiki mbili baadaye mawingu yanajikusanya, inanyesha usiku kucha, ndengu zinaota. Unarudi na jirani yako ili naye anunue. Nani atakuambia kwamba mvua ilikuwa njiani hata kabla hujatoa pesa?

Ukambani hakuna anayeweza kudanganywa hivyo. Majira ya mvua tunayajua kama tunavyowajua wadeni wetu. Lakini binamu yangu aliuziwa dawa ya malengelenge ya sehemu za siri kwa njia hiyohiyo, na yeye si mjinga. Ana digrii. Amenikubalia niandike habari yake mradi nisimtaje jina.

Ilianza kama muwasho. Kisha vilengelenge vidogo vya maji, vikapasuka, vikawa vidonda. Homa, mitoki imevimba, kwenda haja ndogo ni machozi. Hospitali ya nyumbani iko, lakini hakuthubutu kuikaribia. Matiliku ni mji mdogo. Kwenye foleni utakutana na mwalimu wako wa darasa la nne na nusu ya kwaya ya kanisa. Basi akapanda gari hadi mji mwingine, kwenye kliniki ambayo sitaitaja, ili apate kuwa mtu asiyejulikana. Aliyempokea akamuuliza, kwa sauti iliyofika hadi benchi la nje: "Kwani umelala na wangapi?"

Akatoka kabla hajapimwa. Usiku huo akaanza kutafuta kwenye simu, na huko akampata mtu wa homiopathi. Alimpigia, na yule mtu akamsikiliza kwa saa nzima. Alimuuliza anaota nini, anapenda chumvi au sukari, anaogopa nini. Akamtumia chupa kwa matatu, pesa kwa M-Pesa. Baada ya wiki tatu vidonda vikakauka.

"Ilifanya kazi, binamu," aliniambia. "Niliona kwa macho yangu."

Aliona kweli. Kilichomponza ni kwamba hakuna aliyemweleza ugonjwa wenyewe unavyokwenda.

Malengelenge ya sehemu za siri husababishwa na virusi vya hepesi, vya aina mbili. Aina ya pili ndiyo inayojulikana sana kwa sehemu za siri, na aina ya kwanza, ile ya vidonda vya mdomoni, nayo hufika huko. Vikishaingia, virusi hupanda kupitia mishipa ya fahamu na kujificha karibu na mwisho wa uti wa mgongo. Hapo havitolewi na dawa yoyote iliyopo leo duniani. Mara ya kwanza huwa kali, wiki mbili hadi nne, kisha vidonda hupona vyenyewe. Vinaweza kurudi, lakini kwa kawaida vikirudi huwa vyepesi na vifupi zaidi, na kadiri miaka inavyopita vinapungua. Wengi hawaoni dalili yoyote, ila bado wanaweza kumwambukiza mtu.

Soma tena hiyo aya kwa jicho la mfanyabiashara. Ugonjwa unaoumiza, unaoaibisha, unaopona wenyewe na kuzidi kupungua mwaka baada ya mwaka. Hakuna bidhaa rahisi kuuza kama hiyo! Maji yatauponya, maombi yatauponya, uji wa wimbi utauponya. Vidonda vikirudi, muuzaji atasema mwili unatoa sumu, ongeza chupa nyingine.

Na ndani ya chupa kuna nini? Homiopathi ilibuniwa na Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani, aliyetangaza wazo lake mwaka 1796: kinachomletea mzima dalili, kikizimuliwa sana, kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Chupa nyingi huandikwa 30C. Maana yake, chukua tone moja, litie katika matone 99 ya maji au pombe, tikisa. Chukua tone moja la huo mchanganyiko, rudia. Fanya hivyo mara thelathini. Kufikia mara ya kumi na mbili hivi, huna uhakika wa kubaki na hata chembe moja ya kile ulichoanza nacho. Mwaga tone la maziwa katika Mto Athi, kisha uende ukachote kikombe kule Malindi mto unapoingia baharini kwa jina la Sabaki: kikombe hicho kitakuwa na maziwa mengi kuliko dawa iliyomo katika chupa ya 30C.

Moja ya dawa za homiopathi zinazotajwa sana kwa hepesi inaitwa Natrum muriaticum. Jina zito, Kilatini safi. Ni chumvi. Chumvi ileile ya jikoni, imezimuliwa hadi ikatoweka, halafu ikatonewa juu ya vidonge vya sukari. Sisi Wakamba ndio tunaochekwa Kenya nzima, kila nguzo ya stima Nairobi ina karatasi ya "mganga kutoka Kitui". Mganga akitoka Ujerumani na kuongea Kilatini, tunampa elfu tatu bila kucheka.

Watetezi wataniambia nadharau tiba za asili. Hapana. Nyanya yangu alinichemshia mwarobaini, na ule uchungu ni ushahidi kwamba ndani mlikuwa na kitu. Dawa ya malaria tunayomeza leo, artemisinini, ilitolewa kwenye mmea, na Tu Youyou wa China akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mitishamba hupimika: inasaidia, haisaidii au inadhuru. Homiopathi imejibandika jina la "asili" wakati haina hata jani ndani yake. Nayo imepimwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya isitumike kutibu HIV, kifua kikuu, malaria, mafua wala kuhara kwa watoto. Hepesi haimo katika orodha hiyo, muuzaji atakukumbusha haraka. Basi mkumbushe na yeye kwamba mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti za magonjwa mengi na halikupata hata moja ambalo homiopathi ina ushahidi wa kuaminika kwamba inalitibu.

"Lakini si haina madhara? Ni sukari tu." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kwanza, kidonda cha sehemu za siri si lazima kiwe hepesi. Kinaweza kuwa kaswende, ambayo penisilini huimaliza kabisa, na ambayo usipoitibu vidonda vitapotea vyenyewe huku ugonjwa ukiendelea kukula ndani. Anayekutibu kwa simu bila kipimo hajui anachotibu. Pili, mwenye hepesi ya aina ya pili yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa HIV akikutana nayo, takriban mara tatu. Kwa hiyo siku ya vidonda ni siku ya kupima HIV pia. Tatu, dawa halisi ipo. Asiklovia haiondoi virusi, lakini ikianzwa mapema inapunguza siku za mateso, na anayesumbuliwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa ya kila siku. Aliyeshiriki kuigundua dawa hiyo, Gertrude Elion, alipata Nobel mwaka 1988. Siku hizi inatengenezwa na kampuni nyingi. Kondomu nazo hupunguza uambukizaji, japo hazizuii wote, kwa hiyo siku za vidonda mtu hupumzika.

Nne ni mtoto. Binamu yangu sasa ana mimba ya miezi saba. Yule wa chupa alimwambia asijisumbue kumweleza mkunga, kwa kuwa "tayari ulishapona". Hepesi kwa mtoto mchanga ni nadra, lakini ikimpata inaweza kumuua au kuharibu ubongo wake. Mama aliyekuwa nayo muda mrefu kabla ya mimba hana haja ya kukosa usingizi, hatari kwake ni ndogo. Ila mkunga lazima ajue, ili dawa itolewe wiki za mwisho, na vidonda vikionekana siku ya uchungu, mama azae kwa upasuaji. Ushauri wa kunyamaza hauwezi kuitwa sukari tu.

Hata hivyo sitamlaumu muuza chupa peke yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walilala kwenye magari njiani kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi mia tano za Tanzania. Walikuwa wagonjwa waliochoka kuambiwa hakuna dawa na waliochoka kuonewa aibu. Binamu yangu naye alichonunua kwa elfu tatu ni ile saa moja ya kusikilizwa. Hiyo saa ilikuwa dawa pekee katika biashara nzima, na kliniki ilishindwa kumpa hata dakika tano.

Na sisi wengine je? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuta hepesi ya aina ya pili kwa asilimia 35 ya Wakenya waliopimwa, wa miaka 15 hadi 64. Ukijaza matatu ya watu kumi na wanne kwa hesabu hiyo, watano wanayo. Halafu watano hao wanacheka pamoja na wengine dereva akipiga mzaha wa "gonjwa la malaya". Tunaficha, tunacheka, kisha tunashangaa muuza mvua anajenga ghorofa. Mficha uchi hazai.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binamu yangu kliniki ya wajawazito. Aliingia peke yake, nami nikabaki nje nikihesabu bodaboda. Alipotoka nilimuuliza kama amesema.

"Nimesema."

"Wakasemaje?"

"Nesi ameandika kwenye kitabu. Akaniambia mimi si wa kwanza wiki hii, nirudi baada ya wiki mbili."

Tukatafuta chai.